Panda Garini, Keti Naye: Huduma ya Kumfundisha Jirani Simu na Kompyuta

SOMO LA WIKI

Andiko kuu: Matendo ya Mitume 8:26-40
Soma pia: Matendo 6:1-6, Mambo ya Walawi 19:14, Mithali 11:13, Luka 14:12-14, Warumi 16:22
Lengo la somo: Kila mshirika amtaje mtu mmoja wa mtaa wake ambaye atamfundisha jambo moja la simu au kompyuta, bure na kwa uaminifu.



Andiko la Filipo na towashi wa Ethiopia tumezoea kulihubiri kama somo la uinjilisti na la ubatizo wa maji mengi, na ni sawa kabisa. Wiki hii tulitazame kwa upande mwingine. Ni habari ya mtu anayejua kuketi kando ya mtu asiyejua, bila kumdharau, mpaka yule asiyejua akaenda zake akifurahi.

1. TOWASHI HAKUWA MJINGA

Angalia vizuri huyu mtu alikuwa nani. Alikuwa mkuu wa hazina yote ya malkia Kandake. Alikuwa na gari lake. Alikuwa na chuo cha nabii Isaya mkononi, na alijua kusoma. Amefunga safari ndefu mpaka Yerusalemu kuabudu. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwita mjinga. Lakini mbele ya ukurasa ule alikwama, na Filipo alipomwuliza kama anaelewa, alijibu wazi kwamba hawezi kuelewa asipokuwepo mtu wa kumwongoza.

Hapo ndipo pa kuanzia. Mvuvi wa Shimoni anayejua kusi na kaskazi, anayejua mwezi gani samaki wako wapi, si mjinga kwa sababu skrini ya simu imemshinda. Mama wa Kinango aliyelea watoto wanane na wote wakapona, si mjinga kwa sababu hajui kufungua eCitizen. Hajaongozwa tu. Wazee wetu walisema kuuliza si ujinga. Sisi tuongeze: na kuulizwa si sababu ya kujiona.

Kuna vijana kanisani, na hata watu wazima, ambao mtu akiwaambia "nionyeshe hapa" wanavuta pumzi, wanainyakua ile simu, wanabonyeza haraka haraka, wanairudisha: "Haya, tayari." Mama anashukuru, lakini amejifunza nini? Amejifunza kwamba yeye hawezi. Kesho akikwama ataona aibu kuuliza tena, na atampa simu mtu wa kwanza atakayemkuta stendi ya Ukunda. Na wewe unajua stendi ina watu wa kila aina.

2. JANGWA LETU LIKO MKONONI

Filipo alitumwa njia ya jangwani, ile iteremkayo kutoka Yerusalemu kwenda Gaza. Siku hizi kuna jangwa jingine ambalo watu wetu wa Kwale wanapita peke yao kila siku, na liko mkononi mwao.

M-Pesa ilianza mwaka 2007, na sasa hata mama wa mboga pale Kombani anapokea malipo kwa simu. Huduma nyingi za serikali zimehamia eCitizen. Ukitaka cheti cha tabia njema, pasipoti au leseni ya udereva, unaanzia kwa mtandao. Mwenye PIN ya KRA iliyo na wajibu wa kodi ya mapato anatakiwa kuwasilisha ripoti yake ya mwaka uliopita kabla ya tarehe 30 Juni kupita, hata kama hakupata kipato. Akichelewa, faini inaanzia shilingi 2,000. Ni vijana wangapi waliotolewa PIN wakitafuta kazi ya hoteli Diani, kazi haikupatikana, na hakuna aliyewaambia habari ya 30 Juni?

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, SHA imechukua nafasi ya NHIF. Kujiandikisha unaweza kwa kubonyeza *147#, hata kwa kabambe, au kupitia Afya Yangu kwenye intaneti. Lakini kujiandikisha ni hatua ya kwanza tu. Asiye na mshahara anaulizwa maswali kuhusu nyumba yake na maisha yake, na majibu yale ndiyo yanayopima atalipa kiasi gani. Kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Mtu akijibu asichokielewa, au akijibiwa na mtu mwenye haraka, anaweza kupangiwa malipo yasiyolingana na hali yake. Na kuna wanaodhani wamemaliza kwa sababu walipata meseji, kumbe watoto hawajaongezwa. Jambo hili halifai kugunduliwa usiku, mama akiwa na uchungu wa kuzaa kwenye lango la hospitali ya Msambweni.

Tusisahau pia kwamba wengine walichelewa kuanza bila kosa lao. Ndugu zetu Wamakonde wa Makongeni, Msambweni, waliishi Kenya kwa vizazi bila kitambulisho. Mwezi wa Oktoba 2016 walitembea kutoka Kwale kuelekea Nairobi kudai haki yao, na mwaka 2017 wakatambuliwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba wa pwani yetu wakatambuliwa mwaka 2023. Sasa fikiria: bila kitambulisho husajili laini kwa jina lako, na bila laini yako huna M-Pesa yako. Mzee aliyepata kitambulisho akiwa na miaka sitini ameanza juzi mambo ambayo wewe umeyazoea miaka kumi na mitano. Ukimcheka, unacheka nini?

3. FILIPO ALIFANYA MAMBO MATANO

Kwanza, alikimbia kumkaribia. Hakusubiri towashi atafute ofisi yake. Wapo watu ambao hawatakuja kanisani kufundishwa kompyuta hata ukiweka tangazo kubwa namna gani. Wako kwenye baraza ya nyumba, wako banda la samaki Gazi, wako chini ya mwembe siku ya chama. Wafuate huko huko.

Pili, aliuliza kabla ya kufundisha. Alitaka kujua kwanza mtu huyu anaelewa nini na amekwama wapi. Mwalimu mbaya anaanza na yale anayoyajua yeye. Usimfungulie bibi Facebook wakati shida yake ni kujua kama shilingi 2,000 za Inua Jamii zimeingia au hazijaingia. Msalimie, "Shikamoo bibi," kaa chini, umwulize: "Ni kitu gani kwenye simu kinakusumbua?" Halafu nyamaza usikilize.

Tatu, alipanda garini alipokaribishwa, akaketi naye. Hakufundisha akiwa amesimama juu ya kichwa cha mtu, wala hakumshusha towashi garini mwake. Kwa hiyo mfundishe mtu kwa simu yake mwenyewe, siyo kwa simu yako ya bei. Kama ni kabambe, fundisha kabambe. Na kanuni kubwa ni hii: simu ikae mkononi mwa mwanafunzi, kidole chako kikae mfukoni. Yeye ndiye abonyeze. Akikosea, arudi aanze tena. Itachukua muda mara tatu ya ule ambao ungetumia wewe. Sawa. Muda huo ndio sadaka yako.

Nne, alianzia pale pale towashi alipokuwa akisoma. Hakumwambia afunge Isaya waanze na Mwanzo. Ukifundisha, jambo moja kwa siku moja latosha. Leo kusoma meseji na kutofautisha ya kweli na ya uongo. Wiki ijayo kuangalia salio bila kusaidiwa. Wiki nyingine kubadilisha namba ya siri. Mtu aliyeshika jambo moja atakuita mwenyewe umfundishe la pili.

Tano, aliondoka, na towashi akaendelea na safari yake akifurahi. Jambo hili tunalipita haraka. Filipo alionekana Azoto, na towashi hakuhitaji kumtafuta tena ndipo aweze kusoma. Kipimo cha huduma hii ndicho hicho. Usihesabu watu wangapi wanakutegemea, hesabu wangapi hawakuhitaji tena. Ukiona kila mwezi mama yule yule anakuletea simu umtumie pesa za shule, ujue bado hujamfundisha, umemfanyia tu. Kumfanyia mtu siku ya dharura ni huruma, lakini kumfanyia kila siku ni kumfunga.

4. USIMTEGEE KIPOFU JIWE

Mambo ya Walawi 19:14 inakataza kumtegea kipofu kitu cha kumkwaza, na inatia mkazo kwa kutuambia tumche Mungu. Kwa nini imtaje Mungu hapo? Kwa sababu kipofu hakuoni. Hakuna shahidi ila Mungu peke yake. Asiyejua simu yuko katika hali hiyo hiyo mbele ya anayejua. Anakukabidhi kitambulisho chake, salio lake, meseji za watoto wake, na wakati mwingine anakutajia namba ya siri kwa sauti mbele ya watu kumi. Amekuwekea maisha yake mkononi.

Ndiyo maana huduma hii si ya kila mtu anayejua kompyuta. Ni ya mtu mwaminifu anayejua kompyuta. Tukubaliane sheria hizi, na atakayeshindwa nazo apumzike:

- Usiulize namba ya siri ya mtu, usiiandike, usiikariri. Akikutajia, mfundishe kuibadilisha papo hapo, na wewe ugeuke utazame pembeni.
- Usibaki na picha ya kitambulisho chake kwenye simu yako. Ikibidi kupiga picha, tumia simu yake. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, lakini hata bila sheria ile, jina la Kristo latosha kutuzuia.
- Akaunti yake ifunguliwe kwa namba yake na barua pepe yake. Ukiweka namba yako kwa sababu "ni haraka", siku ukihama Kwale umemfungia mlango wake na kuondoka na ufunguo.
- Neno la siri aliandike yeye, kwa mkono wake, alihifadhi anapojua yeye. Kama hajui kuandika, mtu wa nyumbani kwake anayemwamini ndiye amwandikie.
- Ulichokiona kwenye simu yake, umekiona na kimekwisha. Mithali 11:13 inamsifu mtu mwaminifu anayesitiri jambo. Usije kwenye kikundi cha maombi ukasema, "Tumwombee mama fulani, nimeona ana deni kubwa." Hiyo ni umbea uliovaa nguo za maombi.
- Nendeni wawili wawili, kama Bwana alivyowatuma wale sabini. Dada afundishe akina mama, kaka afundishe wanaume, na mafunzo yafanyike barazani, si chumbani.

Na mfundishe kila mtu kujilinda. Wengi mmepata ile meseji inayosema pesa zimeingia kwako, halafu mtu anapiga analia ametuma kimakosa, umrudishie. Somo ni fupi: angalia salio kwanza. Meseji mtu yeyote anaweza kuiandika, lakini salio halidanganyi. Mtu akisisitiza, mwambie apige huduma kwa wateja mwenyewe. Kwa wenye laini ya Safaricom, kampuni inapiga simu kwa wateja ikitumia 0722 000 000. Namba nyingine ikijiita Safaricom na kuuliza namba ya siri, kata. Na wewe ukituma kimakosa, sambaza ile meseji ya muamala kwa 456 upesi, usingoje kesho. Kabla ya kutuma, soma jina linalotokea. Sekunde tano za kusoma jina zimeokoa ada ya shule ya watu wengi.

5. MASWALI AMBAYO WASHIRIKA WANAULIZA

"Je, tukishamfundisha, tumhubirie?" Kwale ni kaunti yenye Waislamu wengi, na majirani zetu ndio hao. Tuseme wazi: mafunzo haya si chambo. Mtu asiambiwe asikilize mahubiri ndipo aonyeshwe SHA. Yesu aliwaponya wakoma kumi, na wale tisa ambao hawakurudi kushukuru hakuwarudishia ukoma. Filipo naye alieleza habari za Yesu kwa mtu aliyeuliza mwenyewe na kumkaribisha. Jirani akikuuliza kwa nini unajisumbua bure, mjibu kwa upole tumaini lililo ndani yako. Asipouliza, mfundishe vile vile na umsalimie kesho kama ulivyomsalimia leo. Akihisi kwamba wema wako una ndoano, hatakuamini kwa simu wala kwa Injili.

"Je, hatutawaharibia kazi wenye saiba?" Swali zuri, maana baadhi yao ni washirika wetu. Kuchapisha, kuskani, kujaza fomu ndefu kwa kompyuta, hiyo ni kazi yao halali na wanastahili malipo yao. Sisi tunamfundisha mtu asitapeliwe na ajue anacholipia. Mwenye saiba mwaminifu hapotezi kitu, maana mteja anayeelewa hurudi. Anayepoteza ni yule anayetoza watu kwa kitu ambacho ni bure.

"Je, hii ni kazi ya kiroho kweli?" Soma Matendo 6:1-6. Filipo huyu huyu aliyebatiza jangwani alianza kwa kuchaguliwa kuhudumia mezani, ili wajane wasisahauliwe katika ugawaji wa chakula wa kila siku. Na waliotakiwa kwa kazi ile ya sahani walipaswa kuwa watu wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima. Mitume hawakuiona kuwa kazi duni. Siku hizi mjane anasahauliwa kwa njia nyingine: jina lake halimo kwenye mfumo. Tazama pia Warumi 16:22. Barua kubwa kuliko zote za Paulo iliandikwa kwa mkono wa Tertio, ambaye anajitaja katika mstari mmoja tu na kusalimu watu katika Bwana. Kipaji chake kilikuwa kuandika. Leo hii kuna Tertio kanisani ambaye kipaji chake ni kujaza fomu ya HELB bila kukosea, na anakaa kiti cha nyuma akidhani hana huduma.

"Mimi nimezeeka, nitajifunza lini ndipo nifundishe?" Serikali ilipozindua wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 mwezi wa Septemba 2023, simu ilikuwa sehemu ya vifaa vyao vya kazi, ili taarifa za nyumba wanazotembelea zisiandikwe tena kwenye daftari peke yake. Wengi wao ni akina mama wa vijijini wa kawaida. Wamejifunza kwa kufundishwa na kwa kurudia. Nawe waweza. Na aliyejifunza jana hufundisha vizuri kuliko bingwa, kwa sababu bado anakumbuka alikwama wapi.

6. TUFANYE NINI WIKI HII

Kila kikundi cha nyumbani kichague watu wawili waaminifu, siyo lazima wawe vijana. Wachungaji na wazee wawaombee na kuwatambulisha, ili mtaa ujue nani ametumwa na nani amejituma. Kila kikundi kiandike majirani watano wenye shida ya kweli: mzee anayepokea Inua Jamii, mama mjamzito ambaye hajathibitisha SHA yake, kijana mwenye PIN ambaye hajawahi kuwasilisha ripoti, mwanafunzi anayetafuta mkopo wa chuo, mfanyabiashara mdogo wa ufukweni Diani.

Kama gharama ya bando inasumbua, kikundi kichangie kidogo kidogo. Kumbuka *147# inafanya kazi bila intaneti. Jambo likiwa kubwa, kama jina limekosewa kwenye kitambulisho, usibahatishe. Msindikize mtu Huduma Centre ya Kwale mjini, na nauli mzungumze mapema. Kijana anayetaka kwenda mbali zaidi mwelekeze kwa Ajira Digital, mpango wa serikali wa kuwafundisha vijana kazi za mtandaoni, au Swahilipot Hub pale Mombasa karibu na Fort Jesus.

Na usipokee chochote. Akikupa madafu, kunywa, ni heshima ya nyumba. Akikupa pesa, zirudishe kwa mikono miwili. Luka 14:12-14 inatufundisha kuwaalika wale wasio na cha kutulipa, kwa sababu malipo yake yamewekwa siku ya ufufuo wa wenye haki.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Towashi alikuwa na cheo kikubwa, lakini alikubali kuongozwa. Ni nini kinachowafanya watu wa mtaa wetu waone aibu kuuliza, na sisi tumechangia vipi aibu hiyo?
2. Kati ya mambo matano aliyofanya Filipo, lipi ni gumu zaidi kwako: kukaribia, kuuliza, kuketi, kuanzia alipo mtu, au kuondoka?
3. Umegundua mhudumu wa kikundi chenu anajua namba ya siri ya bibi mmoja, ingawa hajachukua hata shilingi. Mtafanya nini?
4. Taja mtu mmoja. Utamwona siku gani?

MAOMBI

Ee Bwana, tuondolee haraka na kiburi cha kujua. Tupe miguu ya Filipo ya kukimbilia walio peke yao njiani, na mikono misafi itakayoshika vya watu na kuvirudisha vilivyo. Jirani zetu wasiibiwe kwa kutojua wakati sisi tunajua. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.